Sauti Ivuke, Fisi Abaki Nje

Msikilizaji wangu, leo tuna dakika chache za kuzungumzia kitu kidogo ambacho huenda kiko mfukoni mwako sasa hivi, au kimechomekwa pale dukani unapochajisha simu. Kitu hicho ni ukuta. Wala usiwaze udongo na samadi. Huu ni ukuta uliomo ndani ya vifaa vya umeme, unaoutenga umeme mkali na mkono wako. Maswali yetu ni mawili. La kwanza: ikiwa pande mbili zimetengwa kabisa, hakuna hata waya mmoja unaoziunganisha, zinaongeaje? La pili, na hili ndilo lenye uzito kwa mnunuzi: utajuaje kama ukuta huo upo kweli?

Tuanze na jambo ambalo hakuna mfugaji wa huku Loliondo asiyelijua. Usiku umeingia, ng'ombe wamo zizini, lango la boma limezibwa kwa matawi ya miiba. Jirani anapita nje, ndama wake kapotea, anataka kujua kama ameingia kwako. Je, utafungua lango ndipo umjibu? Hufungui. Anaita kutoka nje, unamjibu kutoka ndani: yupo, au hayupo. Habari imefika na lango halikuguswa. Fisi anayezunguka gizani amesikia mazungumzo yote, lakini hakupata pa kupita. Miiba inazuia mwili, sauti inaiachia. Ishike picha hiyo, msikilizaji, maana tutairudia mara kwa mara.

Sasa tuifungue chaja ya simu, ikiwa imechomolewa, tuitazame kwa macho ya fundi. Umeme wa TANESCO unaoingia nyumbani ni wa volti 230. Ndani ya chaja unanyooshwa kwanza, yaani unafanywa uende upande mmoja tu, na ukishanyooshwa na kutunzwa kwenye kapasita kubwa unafika karibu volti 325. Simu ya kawaida inataka volti 5 tu. Ndiyo maana bodi ya chaja nzuri imegawanywa kama nchi mbili. Upande mmoja kuna umeme wa kuua, upande wa pili kuna volti 5 ambazo hata mtoto akizigusa hadhuriki. Katikati kuna mpaka, ukanda mtupu usiopita shaba yoyote, na mara nyingi bodi yenyewe imekatwa mfereji mwembamba mpaka unaona ng'ambo. Nguvu inavuka mpaka huo kwa transfoma: koili mbili zisizogusana, moja inatoa sumaku inayobadilikabadilika, nyingine inaipokea na kuigeuza kuwa umeme. Jambo hilo Michael Faraday alilionyesha kule Uingereza mwaka 1831, na mpaka leo ndilo tunalotumia.

Nguvu imeshavuka. Kuna nini tena kinachotaka kuvuka? Kuna habari. Ukichomeka simu iliyokwisha chaji, inavuta umeme mwingi na volti zinataka kushuka. Simu ikikaribia kujaa, volti zinataka kupanda. Anayeiona hali hiyo ni upande wa simu, lakini swichi ya kuongeza na kupunguza iko upande wa umeme mkali. Mmoja anaona, mwingine ndiye mwenye mkono wa kutenda, na kati yao hapatakiwi kupita waya. Ukipitisha waya mmoja tu, umefungua lango usiku.

Tazama basi pale mpakani. Katika chaja nyingi utakuta kidude cheusi cha miguu minne, kidogo kama punje ya mahindi, kimesimama juu ya mfereji kama mtu anayevuka korongo: miguu miwili huku, miwili kule. Mgongoni mara nyingi kimeandikwa 817. Mafundi wanakiita optokapla. Ndani yake kuna taa ndogo ya LED ambayo mwanga wake jicho la mtu haliuoni, na kuna transista inayoamka ikimulikwa. Taa iko upande mmoja, transista upande wa pili, na kati yao kuna plastiki inayopitisha mwanga huo na kuuzuia umeme. Safu moja ya miguu iko milimita 7.62 kutoka safu ya pili, na kidude hicho kikiwa halisi kimepimwa kustahimili volti 5,000 kwa dakika nzima. Taa inapowaka, upande wa pili unajua. Sauti imevuka, fisi amebaki nje.

Hapa msikilizaji makini atauliza: mwanga ukipungua kidogo, habari haiharibiki? Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini vifaa vya leo vinapendelea habari za kidijitali. Katika chaja, mwanga ule unazidi na kupungua kidogokidogo, na saketi imepangwa ivumilie hali hiyo. Lakini LED huchoka, na miaka ikipita mwanga wake hufifia. Ukitaka kupeleka habari inayotegemea kiasi cha mwanga, tuseme joto la maziwa kwenye tangi la kupozea, uchovu wa taa utakudanganya: maziwa yana nyuzi 4, wewe unaambiwa 6. Ni kama kumwimbia mtu ng'ambo ya miiba na kutaka aidake sauti ileile bila kukosea hata kidogo, upepo nao unavuma. Habari ya kidijitali haina mashaka hayo, kwa sababu ina maneno mawili tu: ipo, haipo, ndiyo, hapana, moja, sifuri. Mwanga hata ukipungua nusu, "ndiyo" bado inasikika kuwa ndiyo. Kwa hiyo wataalamu hupima joto upande uleule lilipo, wakaligeuza kuwa mfululizo wa ndiyo na hapana, kisha mfululizo huo ndio wakauvusha ukuta.

Na mwanga si njia pekee. Kuna vipande vya kisasa vyenye koili mbili ndogo mno, zimetengwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Vingine vina kapasita ambayo bamba zake mbili zimetengwa na tabaka la silika, jamaa wa kioo na mchanga. Hivi vina kasi kubwa. Optokapla ya kawaida kama ile ya chaja inapitisha maelfu ya mapigo kwa sekunde, ilhali hivi vinapitisha zaidi ya milioni 100. Ila vina tabia moja ya kuchekesha. Koili na kapasita husikia badiliko tu, hazisikii hali iliyotulia. Ukisema "yupo" mara moja ukanyamaza, wa ng'ambo baada ya muda hajui kama bado yupo au umelala. Kwa hiyo vipande hivi hurudia bila kuchoka: yupo, yupo, yupo. Iwe kwa mwanga, iwe kwa sumaku, iwe kwa kapasita, kazi ni ileile, kuita ng'ambo ya miiba bila kugusa lango.

Sasa tutoke kwenye chaja, tuone mambo makubwa zaidi. Chukua kisima cha kijiji chenye pampu ya sola. Pampu iko bondeni, tangi liko kilimani, mita mia kadhaa. Ndani ya tangi kuna boya linalosema neno moja kati ya mawili: maji yamejaa, au hayajajaa. Waya unashuka na habari hiyo mpaka kwenye kisanduku cha kuendeshea pampu. Sote tunasema ardhi ni moja, lakini kwa umeme ardhi ya bondeni na ya kilimani si moja. Radi ikipiga jirani, kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, ardhi ya huku inaweza kupanda maelfu ya volti juu ya ardhi ya kule, na waya ule mwembamba unageuka daraja. Njia moja ya mawasiliano inayotumika sana kwenye mitambo, iitwayo RS-485, imepangwa kuvumilia tofauti ya volti 7 upande mmoja na 12 upande mwingine. Linganisha maelfu na 12. Ndipo utasikia pampu haikuguswa na radi, mti wa mbali ndio uliopigwa, na bado kisanduku kimekufa. Kuweka ukuta wa habari mwishoni mwa waya ule, au kutumia uzi wa kioo unaopitisha mwanga badala ya shaba, ni kulivunja daraja hilo huku neno "yamejaa" likiendelea kushuka.

Nenda hospitali au kituo cha afya. Mgonjwa amebandikwa vibandiko kifuani, vina jeli ya kupitisha umeme, na mashine inasoma mapigo ya moyo wake. Mashine hiyo imechomekwa ukutani, pengine imeunganishwa na kompyuta. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya tiba vinasema sehemu inayoweza kugusana na moyo wenyewe, mashine ikiwa nzima, isivujishe zaidi ya maikroampia 10, yaani sehemu 10 za milioni moja ya ampia. Kwa nini kidogo namna hiyo? Kwa sababu umeme ukifika moyoni moja kwa moja, bila kupunguzwa na ngozi, kidogo sana kinatosha kuuvuruga. Kwa hiyo sehemu inayomgusa mgonjwa imekaa peke yake kama kisiwa, na mapigo ya moyo yanatoka kisiwani yakiwa ndiyo na hapana, yakivuka ukuta kwenda kwenye skrini.

Na kama unadhani haya ni mambo ya vidude vidogo tu, elekeza macho ng'ambo ya mpaka, kule Suswa, kwenye nchi ya Wamaasai upande wa Kenya. Pale ndipo unapoishia umeme unaotoka Ethiopia kwa laini ya zaidi ya kilomita 1,000, yenye volti 500,000, iliyoanza kazi mwaka 2022. Umeme huo unasafiri ukiwa umenyooshwa, na Suswa unageuzwa uwe kama huu wa majumbani. Kazi ya kuugeuza inafanywa na swichi za kielektroniki nyingi zilizopangwa kama mnara, na kila moja inangoja amri ya kufunguka kwa wakati wake. Amri hiyo inatoka kwenye chumba cha kompyuta zinazotumia volti chache tu. Nani angethubutu kuvuta waya wa shaba kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye nusu milioni ya volti? Amri zinapita kwenye nyuzi za kioo, zikiwa mwanga. Unaona? Kanuni iliyo kwenye chaja yako ndiyo iliyoko Suswa. Kilichotofautiana ni urefu wa ukuta.

Sasa nifike kwenye hoja yenyewe, na nitaisema mara mbili ili isipotee. Chaja isiyo na ukuta inachajisha simu sawasawa na yenye ukuta. Narudia: isiyo na ukuta inachaji vizuri vilevile, pengine kwa kasi ileile, na bei yake ni rahisi. Kisanduku cha pampu kisicho na ukuta kinasukuma maji yaleyale. Kwa hiyo mtu akikwambia, "nimekitumia mwaka mzima hakina neno," amekueleza habari za kazi yake, hajakueleza kitu juu ya usalama wake. Boma lililobomoka upande mmoja nalo linalaza ng'ombe vizuri kila usiku ambao fisi hakuja. Ndiyo maana anayetaka kupunguza gharama hupunguzia ukutani, pasipoonekana. Ukipasua chaja za namna hiyo unakuta umeme mkali na volti 5 zimeachana kwa milimita moja au chini yake, mfereji hakuna, na waya za transfoma zimezungushiwa utepe mmoja mwepesi.

Kwa wenzangu wa nyanda za juu kuna jambo la ziada. Hewa nayo ni sehemu ya ukuta, kwa kuwa nafasi tupu kati ya waya na waya inazuia umeme usiruke. Lakini kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, na umeme unaruka kwa urahisi zaidi. Viwango vya kimataifa vinavyopanga nafasi hizo vimehesabiwa kwa mwinuko wa hadi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukipita hapo, nafasi inatakiwa iongezwe, na kwenye mita 3,000 ongezeko ni karibu asilimia 14. Sasa sisi tuko wapi? Ukingo wa kreta ya Ngorongoro umepita mita 2,200, na sehemu za Loliondo ziko karibu na mita 2,000 au juu yake. Zipo adapta zilizotengenezwa China ambazo mgongoni zina alama ya mita 2,000, maana yake zimekusudiwa kutumika chini ya mwinuko huo. Chaja iliyobana nafasi Dar es Salaam, ikiletwa huku imebana zaidi.

Najua kuna wanaopinga, na hoja zao zina mantiki, tuzijibu. Wa kwanza anasema: si kuna fyuzi, kuna swichi ya kukata umeme? Vipo, na viwepo. Lakini fyuzi kazi yake ni kuzuia waya usiungue, na inangoja ampia nyingi ndipo ikatike. Hata ile swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, ya majumbani inakata kwenye miliampia 30. Hizo ni mara 3,000 ya zile maikroampia 10 za hospitalini. Swichi inakuja baada ya fisi kuingia. Ukuta ndio unaomfanya asiingie.

Wa pili anasema: sisi tunatumia sola, hayo ni ya TANESCO. Nakubali kwamba taa ya sola ya betri ya volti 12 haiui mtu. Lakini ukishaweka inveta, umetengeneza volti 230 zilezile. Na paneli za pampu zikiunganishwa mfululizo zinafika volti mamia. Ololosokwan, jirani zetu, walipata kijiji cha kidijitali cha UNESCO na Samsung, chenye darasa la intaneti na huduma ya tiba-mtandao, vyote kwa nguvu ya jua. Ni mfano mzuri kwamba neno "sola" limeshatoka kwenye taa moja ya kusomea, limefika kwenye kompyuta na vifaa vya tiba. Ukuta unahitajika huko kama kwingine.

Wa tatu anasema: kwa nini tusitumie mawasiliano yasiyo na waya, yaishe? Kwa tangi na pampu, wazo hilo ni zuri kweli. Redio ni ukuta mpana kuliko wote, na hata sauti yangu inakufikia sasa bila waya kati yetu. Ila kipande cha redio nacho kinataka umeme, kinataka betri inayotunzwa, na mawimbi yake yanaweza kuzibwa na kilima au kuingiliwa na makelele. Amri inayotakiwa kufika kila mara kwa wakati, kama ile ya Suswa, haiachiwi hewani. Wa nne anasema: radi ikikupiga, optokapla itafanya nini? Hapo namkubalia. Volti 5,000 si kinga ya radi inayopiga nyumba yenyewe. Huko unahitaji kizuia radi na waya mzuri wa ethi uliozikwa vizuri. Ukuta wa habari unakulinda na radi ya jirani, na hizo ndizo nyingi.

Wa mwisho ni yule wa bei, na huyu simbezi, maana fedha ya kijijini ina kazi nyingi. Lakini tuangalie gharama iko wapi hasa. Kile kidude cha miguu minne ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kwenye bodi nzima. Kinachogharimu ni nafasi, utepe, transfoma iliyozungushwa kwa makini, na upimaji. Kwenye chaja moja tofauti ni ndogo. Kwenye kisanduku cha pampu, tofauti hiyo ilinganishe na kununua kisanduku kipya kila masika, na kina mama kurudi kufuata maji mbali wakati kinasubiriwa.

Kwa hiyo tufanye nini? Mnunuzi, tafuta alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na uogope chaja nyepesi mno mkononi yenye jina kubwa na bei ya kutupa. Kamati ya maji, mnapoletewa mfumo wa pampu, muulizeni fundi swali moja: waya wa boya unaingiaje kwenye kisanduku, unapita kwenye ukuta au unaingia mzima mzima? Asipoelewa swali, mmeshapata jibu. Nawe fundi, ndugu yangu, ukuta uko mikononi mwako. Optokapla ikifa, weka optokapla, usirukishe kwa waya ili mradi kifaa kiwake. Na ile kapasita ndogo, mara nyingi ya bluu, inayovuka mpaka karibu na transfoma, usiibadilishe kwa kapasita yoyote tu. Hiyo imetengenezwa ili ikifa isiache njia ya umeme. Ndiyo hiyo pia inayofanya simu ya chuma iwashewashe kidogo mkononi ikiwa kwenye chaji, hata chaja ikiwa nzuri. Mwasho mdogo wa namna hiyo si kosa. Mtu akipigwa shoti, hilo ni kosa, na chaja hiyo haifai kurudi sokoni.

Muda unanibana, msikilizaji. Tumesema habari inavuka bila waya, kwa mwanga, sumaku au kapasita, na ndiyo na hapana ndizo zinazovuka salama zaidi. Tumesema pia, na ukisahau yote hili usilisahau, kwamba kifaa kufanya kazi hakuonyeshi kuwa ukuta upo. Juma lijalo tutazungumzia ethi: fimbo ile ya shaba inayozikwa nje ya nyumba, izikwe kina gani, na kwa nini kiangazi huipunguzia nguvu. Mpaka hapo, leo jioni kabla ya kuchomeka simu, ipime chaja mkononi mwako, usome na maandishi yaliyo mgongoni. Kwaheri, na mlale salama.